Nikeli tele, bakteria walewale: kuusoma udongo wa serpentini bila kudanganyika

Swali. Mtaalamu, heshima yako. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilichukua sampuli 12 za udongo kwenye kilima kimoja cha mwamba wa serpentini, na 12 nyingine kwenye kilima jirani cha mwamba wa kawaida. Nikeli ya jumla ni wastani wa miligramu 2,100 kwa kilo upande wa serpentini na 35 upande wa pili. DNA ya serpentini ilitoka kiduchu, na PCR, mbinu ya kuzidisha nakala za DNA, iligoma kwa sampuli 7. Zile 5 zilizokubali zilisomwa jeni ya 16S, ile inayotumika kuwatambua bakteria kwa majina, na idadi ya aina za bakteria imekaribiana pande zote mbili. Je, nikeli haiwadhuru, au wameshaizoea? Na nitawapataje bakteria sugu wa kuusaidia mmea unaolimbikiza nikeli?

Jibu. Kwa data hizo huwezi kudai kwamba nikeli imedhuru, wala kwamba haijadhuru. Hilo si kosa la maabara. Nikeli umeifanya mshtakiwa pekee, na hujapima kile ambacho bakteria hukutana nacho. Tutaanza na namba yako ya 2,100, kisha DNA iliyogoma, maana hapo kuna mtego usioonekana kwa urahisi, ndipo tuje kwa bakteria sugu.

Kabla ya hayo, jihadhari na vumbi. Miamba ya serpentini mara nyingi ina krisotili, nyuzi za asbesto. Usikaushe udongo huu na kuuchekecha juu ya meza iliyo wazi. Chekecha ukiwa na unyevunyevu kidogo kwa chekeche la tundu za milimita 2. Kazi ya kusaga ifanyike ndani ya kabati lenye kuvuta hewa na kuichuja, ukiwa umevaa barakoa ya daraja la FFP3 au P100 iliyokaa sawasawa usoni. Meza ifutwe kwa kitambaa kilicholowa, isifagiliwe. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizi.

Namba 2,100 inauzungumzia mwamba

Nikeli ya jumla kati ya miligramu 500 na elfu kadhaa kwa kilo ni jambo la kawaida kwenye udongo wa aina hii. Mwamba mama ulikuwa na olivini na piroksini, madini yenye magnesiamu na chuma kwa wingi, ambayo hubeba nikeli ndani ya muundo wake. Maji yalipoingia ndani ya mwamba, olivini iligeuka kuwa serpentini. Mwamba ulipochakaa juu ya ardhi, nikeli ikagawanyika: sehemu ikabaki imefungwa ndani ya silikati, sehemu ikaingia kwenye oksidi za chuma kama goethaiti, na sehemu ndogo ikashikwa na udongo mfinyanzi mahali inapoweza kubadilishana na maji. Bakteria hukutana na hiyo sehemu ndogo tu. Viwanja viwili vyenye 2,100 kila kimoja vinaweza kutofautiana mara kumi kwa nikeli inayofika kwenye seli.

Kwa hiyo pima nikeli inayotolewa na DTPA, kemikali inayokamata metali zilizoshikwa kwa ulegevu. Myeyusho wake una DTPA 0.005 M, kloridi ya kalsiamu 0.01 M na triethanolamini 0.1 M, na pH hurekebishwa iwe 7.3. Weka gramu 10 za udongo kwenye mililita 20, tikisa saa 2 kamili, chuja, kisha soma. Muda uheshimiwe. DTPA haifiki mwisho wa uchotaji wake ndani ya saa 2, kwa hiyo aliyetikisa saa 3 amepima kitu kingine. Njia hii ilibuniwa kwa udongo usio na asidi. Kama pH ya kiwanja chako imeshuka chini ya 6, kama inavyotokea kwenye udongo mwekundu uliochakaa sana wa nchi za mvua nyingi, ongeza kipimo cha pili kwa nitrati ya strontiamu 0.01 M, ambayo iko karibu zaidi na hali ya maji ya udongo.

Kromiamu ina hila yake. Nyingi imo ndani ya kromaiti, madini ambayo mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrokloriki hauyeyushi vizuri. Maabara ikitumia asidi hizo, namba ya kromiamu hutoka ndogo kuliko ukweli, nawe ukadhani kilima chako si cha kromiamu. Kipimo cha miale ya eksi huikamata jumla vizuri zaidi. Lakini jumla hiyo nayo haina sumu yoyote ya kuzungumzia. Kinachotisha ni kromiamu ya daraja la sita, ambayo huzaliwa pale oksidi za manganizi zinapoioksidisha ile ya daraja la tatu. Bartlett na James walionyesha mwaka 1979 kwamba udongo uliokaushwa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo huo. Kipimo cha kromiamu ya daraja la sita kifanyike kwenye udongo mbichi, kwa difenilkabazaidi, kemikali inayobadilika rangi ikikutana nayo, mapema iwezekanavyo. Sampuli zilizokaa kwenye mifuko zikakauka hazifai kwa swali hilo.

Halafu kuna koleo na kinu. Chuma cha pua cha kawaida kina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8. Kwenye udongo wenye nikeli 2,100 uchafu huo hauonekani, ila kwenye ule wako wa 35, ukisagwa kwenye kinu cha chuma cha pua, unaweza kupandisha namba na kupunguza tofauti unayoitafuta. Tumia kinu cha akiki, na koleo la plastiki.

Washtakiwa wengine

Mwaka 1980 Hans Jenny aliuita mkusanyiko wa matatizo haya sindromu ya serpentini, na jina hilo limedumu kwa sababu ugonjwa ni mmoja na visababishi ni vingi. Magnesiamu ni nyingi na kalsiamu ni haba. Fosforasi, naitrojeni na potasiamu ni haba. Udongo mara nyingi ni wa kina kifupi, una mawe, unakauka upesi. Mimea ni michache, kwa hiyo majani yanayooza ni machache, na chakula cha bakteria ni kidogo. Nikeli, kobalti na kromiamu ziko juu ya hayo yote. Kilima chako cha pili kinatofautiana na cha kwanza kwa kila kipengele nilichokitaja, si kwa nikeli pekee.

Uwiano wa kalsiamu na magnesiamu ndio wengi hukosea kuupiga. Hupigwa kwa chaji, wala si kwa uzito. Chota kwa asetati ya amonia 1 M yenye pH 7. Tuseme umepata kalsiamu miligramu 400 kwa kilo na magnesiamu 1,500. Gawanya ya kwanza kwa 200.4 na ya pili kwa 121.5, upate sentimoli za chaji: 2.0 na 12.3. Uwiano ni 0.16. Aliyegawanya uzito kwa uzito ataandika 0.27, halafu atajilinganisha na watu waliopiga kwa njia nyingine na kushangaa. Chini ya 1 tayari ni dalili ya serpentini.

Nikeli yenyewe ni chakula pia. Yureasi, kimeng'enya kinachovunja urea, kina nikeli katikati yake. Vimeng'enya kadhaa vinavyotumia hidrojeni vinaihitaji vilevile. Bakteria wengi wana milango ya kuingiza nikeli na pampu za kuitoa, na hufungua kimoja au kingine kulingana na hali. Kwa hiyo usitegemee mstari ulionyooka ambapo nikeli ikipanda uhai unashuka. Kwenye viwango vya chini mstari unaweza usiwepo kabisa.

DNA kidogo, PCR iliyogoma

Hapa ndipo matokeo yako yalipoharibika. Sampuli 5 zilizokubali hazikuchaguliwa kwa bahati. Zimejichagua zenyewe, na huenda ndizo zilizokuwa na mboji nyingi, mizizi mingi au mfinyanzi kidogo, yaani zile zinazofanana zaidi na kilima cha pili. Ukilinganisha hizo 5 na 12 za upande mwingine, kufanana kwao kunaweza kuwa kumetengenezwa na PCR. Usichapishe ulinganisho huo mpaka zile 7 zikubali.

DNA kuwa kidogo kuna maelezo matatu, na tiba zake hazifanani.

La kwanza ni kwamba bakteria wenyewe ni wachache. Hakuna tiba, hilo ni jibu la kisayansi. Lithibitishe kwa njia isiyotegemea DNA: fukiza udongo kwa klorofomu saa 24, chota kwa salfeti ya potasiamu 0.5 M, mililita 4 au 5 kwa kila gramu, pima kaboni, toa ile ya udongo usiofukizwa, gawanya kwa 0.45. Hiyo ni kaboni iliyomo ndani ya vijidudu.

La pili, DNA imetoka kwenye seli lakini imenaswa na udongo. Mfinyanzi wa aina ya smektaiti una chaji hasi na DNA ina chaji hasi. Magnesiamu nyingi hukaa katikati kama daraja na kuvifunga pamoja. Oksidi za chuma nazo hushika sehemu za fosfeti za DNA. Dalili yake ni hii: ufukizaji unaonyesha kaboni ya kutosha, ilhali DNA haipo. Tiba ni kuwapa mfinyanzi na oksidi kitu kingine cha kushika. Ongeza bafa ya fosfeti ya sodiamu milimola 120, pH 8, kwenye hatua ya kupasua seli. Jaribu kwanza kwenye sampuli mbili. Baadhi ya vifaa vya kuchotea DNA tayari vina fosfeti, na ukizidisha, chujio la silika halitaishika DNA vizuri.

La tatu, DNA ipo lakini kimeng'enya cha PCR kimezuiwa, ama na asidi za mboji ama na metali zilizopita pamoja nayo. Punguza nguvu ya sampuli mara 10 na mara 50, kisha rudia. Kama iliyopunguzwa inakubali na isiyopunguzwa inagoma, mhalifu ni kizuizi. Njia ya uhakika zaidi ni kuingiza plasmidi (kipande kidogo cha DNA cha mviringo) ya kiasi unachokijua kwenye kila sampuli na kwenye maji matupu, ukaangalia mzunguko inapotokea. Ikichelewa zaidi ya mzunguko 1 kwenye sampuli, kuna kizuizi. Ongeza albumini ya ng'ombe ifike mikrogramu 0.4 kwa mikrolita. Wengine hukimbilia EDTA ili kukamata metali. Hapo uangalifu unahitajika: EDTA hukamata magnesiamu moja kwa moja, na PCR inahitaji magnesiamu huru milimola 1.5 hadi 2.5. Ukimwaga EDTA milimola 2 umeizima PCR uliyotaka kuiokoa.

Kwa sampuli zenye DNA kidogo, weka mirija mitupu kuanzia hatua ya kuchota, angalau 1 kwa kila kundi la sampuli 12, na uipeleke isomwe hata kama haionyeshi mkanda wowote kwenye jeli. Vitendanishi vyenyewe vina DNA ya bakteria. Sampuli yenye nanogramu 1 kwa mikrolita inaweza kubeba majina ambayo hayajawahi kukanyaga kilima chako.

Idadi ya aina haisemi unachodhani

Tuseme sampuli zote 24 zimekubali na idadi ya aina bado inakaribiana. Bado huna jibu, kwa sababu mbili.

Usomaji wa 16S hutoa sehemu za asilimia, hautoi hesabu ya seli. Ukisoma mifuatano 30,000 kwenye udongo wenye bakteria wengi na 30,000 kwenye udongo wenye moja ya kumi yao, majedwali yatafanana. Pata hesabu halisi kwa PCR ya kupima wingi wa jeni ya 16S, au tumia ile kaboni ya ufukizaji, kisha uzidishe. Pima pia upumuaji wa udongo, ugawanye kwa kaboni ya vijidudu. Vijidudu vilivyo kwenye dhiki huelekea kuchoma kaboni nyingi zaidi kwa kila gramu ya miili yao, na uwiano huo hupanda hata pale orodha ya majina haijabadilika.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Usugu wa nikeli haukai kwenye jeni ya 16S. Unakaa kwenye jeni za pampu, kama cnr na ncc, ambazo mara nyingi hubebwa na plasmidi au vipande vinavyohama kutoka seli hadi seli. Cupriavidus metallidurans CH34, anayesomwa kila mahali kwenye elimu hii, huibeba cnr kwenye plasmidi. Bakteria wawili wenye 16S ileile wanaweza kuwa mmoja anafia kwenye nikeli na mwenzake hajali. Utafiti wa Porter na wenzake huko California juu ya Mesorhizobium, bakteria wa vinundu vya mizizi ya mmea mdogo wa jamii ya kunde, umelionyesha vizuri: ndani ya jenasi hiyo moja, wanaotoka serpentini huvumilia nikeli zaidi, na hulipia uvumilivu huo kwa kukua polepole pale nikeli isipokuwepo. Jedwali lako la 16S lingewaita wote jina moja.

Kwa fangasi wa mizizi mambo yamekwenda hivyohivyo. Wengi walitarajia kukuta fangasi wachache chini ya miti ya serpentini. Branco na Ree, kwenye misitu ya mialoni ya kaskazini mashariki mwa Ureno, hawakukuta upungufu. Lakini Jourand na wenzake walikuta kwamba ndani ya spishi moja, Pisolithus albus wa Kaledonia Mpya, kuna wanaohimili nikeli na wasiohimili. Kwa hiyo aina kukaribiana ndilo jambo la kutarajiwa. Wala halikanushi kwamba nikeli imechuja watu wake.

Unataka kujua kama wamezoea? Pima uvumilivu wenyewe wa jamii nzima. Tikisa udongo na maji kwa uwiano wa 1 kwa 10, zungusha kwenye mashine kwa mvuto wa g 1,000 dakika 10 ili chembe zizame na bakteria wabaki juu, gawa maji hayo kwenye mirija yenye nikeli inayopanda hatua kwa hatua, kisha pima wanakua kiasi gani kwa saa 2, kwa lusini (asidi amino) yenye tritiamu, yaani hidrojeni ya mionzi. Kiwango kinachopunguza ukuaji kwa nusu ndicho kipimo chako. Kama jamii ya serpentini inahitaji nikeli mara kadhaa zaidi ili ipungue nusu, nikeli imewachagua, hata kama majina hayakubadilika. Maabara isiyoruhusiwa kushika mionzi inaweza kuhesabu makoloni kwenye sahani zenye nikeli 0, 0.5, 1, 2, 5 na 10 milimola. Ni kipimo kigumu kidogo kukiamini, maana huwaona wale tu wanaokubali kukua kwenye sahani, lakini ni bora kuliko kutopima.

Vilima viwili ni viwili

Sampuli 12 za kilima kimoja si marudio 12. Ni marudio 1 yaliyopimwa mara 12. Kilima kinatofautiana na kilima kwa mteremko, jua, historia ya moto na malisho, na hakuna hesabu itakayotenganisha hayo na mwamba. Unahitaji jozi: mahali ambapo serpentini inapakana na mwamba mwingine, sampuli moja kila upande, mita chache kutoka mpakani, chini ya mmea wa aina ileile. Kisha nenda mpaka mwingine, mbali, ufanye vilevile.

Jozi ngapi? Jipigie hesabu kabla ya kutoka. Ukilinganisha jamii kwa kubadilishana lebo ndani ya jozi, jozi 5 zina njia 32 tu, na kwa kuwa kugeuza zote kunatoa jibu lilelile, p (uwezekano wa kupata tofauti hiyo kwa bahati tu) ndogo kabisa inayowezekana ni 2 kwa 32, yaani 0.0625. Hata tofauti iwe kama mbingu na ardhi, hutafika 0.05. Jozi 6 hushuka hadi 0.031, jozi 8 hadi 0.008. Chukua 8. Kila sampuli iwe mchanganyiko wa vishimo 5 vya sentimita 0 hadi 10, majani ya juu yakiondolewa. Ya DNA iingie kwenye barafu papo hapo na igande siku hiyohiyo.

Pima pH ya kila sampuli. Kwenye udongo kwa ujumla, pH ndiyo hupanga bakteria kuliko karibu kitu kingine chochote, na serpentini ikiwa 7 huku jirani ikiwa 5.5, tofauti yako yote inaweza kuwa ya pH.

Ukitaka kuwatenganisha washtakiwa kweli, nenda kwenye vyungu. Upe udongo wa serpentini kalsiamu kwa jasi, usitumie chokaa. Chokaa hupandisha pH na kuifunga nikeli, ukawa umebadilisha vitu viwili kwa mkono mmoja. Kuongeza sentimoli 5 za chaji kwa kilo kunahitaji gramu 4.3 za jasi kwa kilo ya udongo. Vyungu vingine vipate naitrojeni na fosforasi, vingine vyote pamoja, vingine visipate kitu. Kwa udongo wa kawaida fanya kinyume: ongeza salfeti ya magnesiamu kwenye vingine, nikeli kwenye vingine. Miligramu 100 za nikeli kwa kilo ni gramu 0.405 za kloridi ya nikeli yenye maji sita. Usipime kesho yake. Chumvi mpya hushusha pH na kushtua seli kwa chumvi yenyewe, na nikeli bado haijapata mahali pa kukaa. Uloweshe udongo na kuuacha ukauke kidogo kwa wiki 8 angalau, upitishe maji laini kuondoa chumvi iliyozidi, pima tena DTPA, ndipo uanze. Ukiona udongo wa serpentini unaamka kwa fosforasi na naitrojeni kuliko kwa kalsiamu, basi njaa ndiyo iliyokuwa ikitawala, na nikeli ilikuwa inasingiziwa.

Kuwatafuta bakteria sugu

Chukua udongo ulioshika mizizi ya mmea unaolimbikiza nikeli wenyewe. Schlegel, Cosson na Baker walieleza mwaka 1991 kwamba chini ya miti hiyo kuna bakteria sugu kuliko kwenye udongo wa mbali kidogo na mti. Mti waliouchunguza Kaledonia Mpya, ambao sasa huitwa Pycnandra acuminata, una utomvu wenye nikeli karibu robo ya uzito wake mkavu, na majani yake yakianguka huigeuza ardhi iliyo chini kuwa kali zaidi. Mmea huchota nikeli chini na kuimwaga juu, na bakteria wa hapo huishi kwenye kiwango cha juu kuliko mwamba wenyewe unavyotoa.

Makosa mengi hutokea kwenye chakula cha sahani. Chakula kinono chenye peptoni hushika nikeli, na fosfeti huizamisha chini kama unga. Mtu anaandika sugu hadi milimola 10 kumbe bakteria ameonja 1. Tumia chakula hafifu chenye bafa ya Tris milimola 50, pH 7, fosfeti kidogo sana, na glukoneti kama chakula. Kloridi ya nikeli ichujwe kwa kichujio cha mikromita 0.22, iingizwe agari ikiwa imepoa hadi nyuzi 50 hivi. Sikloheksimaidi mikrogramu 50 hadi 100 kwa mililita huzuia fangasi. Ni sumu kwako pia, vaa glavu. Weka nyuzi 25 hadi 28 na usubiri siku 14 hadi 21. Bakteria wa udongo maskini hukua polepole, na anayetupa sahani siku ya 3 hubaki na wale wenye pupa tu, ambao mara nyingi si wenyeji wakuu wa udongo huo.

Milimola 10 ni miligramu 587 za nikeli kwa lita. Maji ya udongo wa serpentini mara nyingi hayazidi miligramu chache kwa lita. Usimchague bakteria kwa sababu tu ameshinda mashindano ya sahani. Anayehimili milimola 2 na anayetoa asidi, anayetengeneza vikamata chuma na anayekaa kwenye mzizi anaweza kukufaa kuliko bingwa wa 15. Abou-Shanab na wenzake walipochanja Alyssum murale, mmea unaolimbikiza nikeli, mwaka 2003 kwa bakteria watatu, nikeli iliyoingia kwenye mmea iliongezeka kwa kati ya asilimia 17 na 32 hivi. Ni ongezeko la maana, ila si muujiza, nawe ulenge hapo.

Kwenye jaribio la vyungu, chanja kwa seli milioni 100 kwa mililita, na uwe na makundi matatu ya vyungu vya kulinganishia: visivyochanjwa, vilivyochanjwa kwa seli zilizouawa kwa joto, na vilivyopewa maji ya kuoteshea bakteria yaliyochujwa yakabaki bila seli. Bila seli mfu hutajua kama mmea umenufaika na bakteria au na mbolea ya mizoga yao. Kufukuza vijidudu vya asili kwa otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke wa shinikizo) kunabadilisha udongo wenyewe, hasa kwa kuachia manganizi nyingi. Mionzi ya gama huuharibu udongo kidogo kuliko otoklevu. Vyovyote iwavyo, rudia kwenye udongo usiotakaswa, kwa kuwa huko ndiko bakteria wako atakutana na wenyeji, na wengi hutoweka ndani ya wiki chache. Pima kama yupo bado.

Mavuno ya nikeli ni mkolezo mara uzito. Mmea wenye gramu 10 za nikeli kwa kilo, ukitoa tani 10 za majani makavu kwa hekta, unakupa kilo 100. Bakteria akipandisha mkolezo kwa asilimia 20 na kupunguza majani kwa asilimia 20, umepata 96. Ripoti namba zote mbili. Na kabla ya kusaga majani, yaoshe kwa maji yasiyo na ioni, kisha pima kromiamu na chuma pamoja na nikeli. Kromiamu kwa kawaida haipandi sana kwenye majani. Ukiiona juu, unapima vumbi la kilima lililoganda kwenye jani, na sehemu ya nikeli yako imekuja nalo.

Kwa sasa zitoe zile sampuli 7 zilizogoma kwenye friza, zipunguze mara 10, ziongeze albumini na urudie PCR pamoja na mrija mtupu. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Zikikubali, zisome zote 24 kwa mzunguko mmoja wa mashine, zile 5 za mwanzo zikiwemo, kwa kuwa mizunguko miwili tofauti huleta tofauti zake yenyewe.